Kingamwili za kaspesi-3: ya protini nzima, ya kipande kilichokatwa, au ya PARP-1 iliyokatwa?

Mwanafunzi mmoja wa maabara yetu aliniletea picha ya westani bloti, mbinu ya kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli na kuzionyesha kama mistari iitwayo bendi, akiwa amekata tamaa. Dawa aliyokuwa akiijaribu ilikuwa inaua seli bila shaka yoyote. Alikuwa ameziona kwa darubini zikinywea, zikitoa mapovu, zikibanduka kwenye sahani. Lakini bendi ya kaspesi-3, kimeng'enya kinachotekeleza kifo cha seli, ilikuwa ileile katika kila safu, yenye dawa na isiyo na dawa. "Basi hii si apoptosisi," akasema, yaani si kile kifo ambacho seli hujipangia yenyewe. Nikamwomba anionyeshe kichupa cha kingamwili, protini inayoshika protini iliyolengwa na kuifanya ionekane. Ilikuwa ya kaspesi-3 nzima. Hakuwa amekosea kwenye jeli wala kwenye kuhamishia protini kwenye utando. Alikuwa na swali moja, akanunua jibu la swali jingine.

Mkanganyiko huo nimekutana nao mara nyingi tangu siku ile, na ndio ulionifanya niandike ulinganisho huu. Ukifungua katalogi na kutafuta kingamwili ya kaspesi-3, utaletewa orodha ndefu ya bidhaa zenye jina lilelile la protini. Ndani ya orodha hiyo kuna makundi mawili ambayo hayawezi kushika nafasi ya mwenzake: zinazoiona protini ikiwa haijakatwa, na zinazoona kipande kilichokatwa peke yake. Naongeza ya tatu, inayotambua PARP-1 iliyokatwa (protini ambayo kaspesi-3 huikata), kwa sababu mtu mwenye pesa za kichupa kimoja tu mara nyingi hukwama kati ya hiyo na ya kaspesi.

Kinachotokea ndani ya seli

Katika seli yenye afya kaspesi-3 ipo lakini imelala. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 277, na kwenye jeli huonekana kati ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 32 na 35. Seli ikipata amri ya kufa, kaspesi za kuanzisha, hasa ya 8 na ya 9, huikata mara tu baada ya asidi ya aspatiki namba 175. Hapo hupatikana kipande kidogo cha kilodaltoni 12 na kikubwa cha kilodaltoni 19 hivi, ambacho baadaye hupunguzwa mwanzoni mwake kikabaki na 17. Vipande vikubwa viwili na vidogo viwili vikishikamana, kimeng'enya kimeamka.

Kikiamka huanza kukata protini nyingine nyingi, kikipendelea sehemu yenye mfuatano wa asidi amino unaoandikwa DEVD. PARP-1, protini ya kwenye kiini inayohusika na ukarabati wa DNA, ni mojawapo. Ikiwa nzima ina kilodaltoni 116, na ikikatwa hutoa vipande vya 89 na 24.

Kwa hiyo kuna mambo matatu tofauti ya kupimwa: protini ipo, protini imekatwa, na protini iliyokatwa imefanya kazi yake. Kila moja ya kingamwili zetu tatu husimama kwenye jambo moja kati ya hayo. Nitazipima zote kwa maswali yaleyale: inaona nini hasa, inafaa kwa mbinu zipi, inaweza kukupotosha wapi, inahitaji kontroli gani, na inamfaa nani.

1. Kingamwili ya kaspesi-3 nzima

*Inaona nini.* Neno "nzima" linaficha mengi. Ikiwa kingamwili ilitengenezwa dhidi ya sehemu ya kipande kikubwa, kwa kawaida itaona bendi ya 35 na pia, seli zikifa, bendi za 19 na 17. Ikiwa ilitengenezwa dhidi ya kipande kidogo, utaona 35 na 12. Nyingine huona 35 tu na kunyamaza protini ikikatwa. Karatasi ya maelezo ikisema tu "kaspesi-3" bila kueleza sehemu iliyotumika, tafuta picha yenye safu mbili, ya seli zilizouawa na ya seli zenye afya. Ikiwa picha ni ya seli zenye afya peke yake, muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.

*Inafaa kwa mbinu zipi.* Westani bloti ndiyo mahali pake. Hufaa pia kuvuta protini kutoka kwenye maji ya seli zilizopasuliwa, na kuthibitisha kwamba jeni ya kaspesi-3 imezimwa kweli. Kwenye vipande vya tishu haina mengi ya kusema kuhusu kifo, kwa kuwa seli nyingi zenye afya zina kaspesi-3 iliyolala. Rangi ya kahawia itatapakaa kote, na hutajua nani anakufa na nani anaishi.

*Inapoweza kupotosha.* Hapa ndipo mwanafunzi wetu aliponaswa. Tuseme katika seli 100, 10 zinakufa. Bendi ya 35 itapungua kwa sehemu moja ya kumi. Jicho halioni tofauti hiyo, na hata kipimo cha mwanga wa bendi hakiaminiki kwa tofauti ndogo kiasi hicho, kwani kosa la kupakia sampuli tu laweza kuizidi. Kungoja bendi kubwa ipungue ni kama kupima maji ya kisima baada ya kuchota ndoo moja. Anayetaka kujua kama maji yamechotwa aitazame ndoo.

*Kontroli, yaani sampuli za kulinganishia.* Tunayo zawadi nzuri: seli za saratani ya matiti ziitwazo MCF-7 hazina kaspesi-3, kwa kuwa zimepoteza jozi 47 za besi za DNA katika eksoni (sehemu) ya 3 ya jeni yake. Bendi yoyote ya 35 utakayoiona kwenye MCF-7 ni ya kitu kingine. Nashangaa jinsi watu wachache wanavyoiweka safu hii kwenye jeli zao, na seli zenyewe zimejaa kwenye friza za maabara duniani kote.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua kiasi cha kaspesi-3 kilichopo kabla ya kifo, anayelinganisha aina za seli, na anayehitaji kuonyesha kwamba protini ilikuwepo pale ambapo kipande kilichokatwa hakikuonekana.

2. Kingamwili ya kaspesi-3 iliyokatwa

*Inaona nini.* Hutengenezwa kwa peptidi fupi inayoishia kwenye asidi ya aspatiki namba 175. Mwisho huo haupo mpaka mnyororo ukatwe, kwa hiyo kingamwili nzuri ya aina hii haioni kabisa bendi ya 35. Huona 17 na 19. Nasisitiza kwamba bendi mbili ni jambo la kawaida, kwa sababu wapo waliotupa kichupa kizima cha kingamwili wakidhani bendi ya pili ni uchafu. Uwiano wa bendi hizo mbili wenyewe unaweza kukuambia ukataji umefikia hatua gani.

*Inafaa kwa mbinu zipi.* Hii ndiyo yenye uwanja mpana kuliko zote. Hufanya kazi kwenye bloti, kwenye tishu zilizohifadhiwa kwa formalini na parafini, kwenye seli zilizopandwa juu ya vioo, na kwenye saitometria ya mtiririko, mashine inayopima seli mojamoja zikipita. Katika tishu inakupa kitu ambacho bloti haiwezi: seli gani inakufa, na imekaa wapi. Utaona seli moja yenye rangi kati ya mamia zisizo na rangi. Usisahau kuchemsha vipande vya tishu kwanza, mara nyingi kwenye maji ya sitreti ya pH 6, ili formalini iachie epitopu, yaani sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili. Kwa saitometria, seli lazima zigandishwe kwa kemikali (si kwa baridi) na kutobolewa utando wake, kwa hiyo panga mapema kama ulitaka pia kuzipima na aneksini V, kipimo kingine cha apoptosisi, ambacho hutumiwa kwa seli ambazo hazijagandishwa.

Kwenye bloti kipande hiki cha 17 hadi 19 kina tabia zake. Jeli ya asilimia 12 hadi 15 humtenganisha vizuri na majirani. Utando wenye matundu ya mikromita 0.45 unaweza kumwacha apite upande wa pili, hasa ukihamisha kwa muda mrefu, kwa hiyo tumia wa 0.2 na ufupishe muda. Asilimia kubwa ya malalamiko ninayosikia kwamba "kingamwili haifanyi kazi" huishia kwenye utando.

*Inapoweza kupotosha.* Kwanza, muda. Ukataji hutokea, hufikia kilele, kisha hutoweka: kwenye sahani, seli iliyokufa hatimaye hupasuka na kumwaga vilivyomo, kwenye mwili, majirani huimeza. Ukipima saa 24 tu baada ya dawa unaweza kukuta shughuli ilikwisha zamani. Pima nyakati kadhaa.

Pili, na hili limenigharimu wiki nzima ya kazi, seli zinazokufa hubanduka na kuelea. Nilikuwa namwaga maji ya kuoteshea, naosha sahani vizuri, kisha nakusanya seli zilizobaki. Zilizobaki ni zile zilizonusurika. Nilikuwa nafanya kazi kwa uangalifu mkubwa nikimwaga matokeo yangu kwenye chombo cha taka. Kusanya maji yale, yazungushe kwenye mashine ya kuzungushia, uunganishe kilichotua na seli za kwenye sahani.

Tatu, kukatwa si sawa na kufanya kazi. Protini iitwayo XIAP inaweza kuikamata kaspesi-3 iliyokwisha kukatwa na kuizuia. Na hata ikifanya kazi, si kila mara seli hufa: seli za misuli zinapokomaa huitumia kaspesi-3 bila kufa. Anayefanya kazi na nzi wa matunda awe makini zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa nzi hao rangi ya kingamwili hii hufuata kazi ya DRONC, ndugu wa kaspesi-9, kwa hiyo haimaanishi moja kwa moja kwamba mwenza wa kaspesi-3 ndiye anayeonekana.

*Kontroli.* Kontroli chanya ya kawaida ni seli za Jurkat (seli za saratani ya damu) zilizopewa staurosporini, kemikali inayowasha apoptosisi, ya mikromola 1 kwa saa 3 hadi 6. Weka safu ya pili yenye seli hizohizo zilizopewa pia zVAD-fmk, kizuizi cha kaspesi. Bendi inapaswa kufifia sana au kutoweka. Safu ya tatu iwe MCF-7 zilizouawa, ambazo zinapaswa kunyamaza ingawa zimekufa. Ukiwa na safu hizo tatu, hakuna mhakiki atakayekusumbua kuhusu kingamwili.

*Inamfaa nani.* Anayeuliza kama njia ya apoptosisi imewashwa, anayehesabu seli zinazokufa kwenye tishu, na anayefuatilia mpangilio wa matukio saa kwa saa. Haimfai anayetaka kujua kiasi cha jumla cha protini.

3. Kingamwili ya PARP-1 iliyokatwa

*Inaona nini.* Kipande cha kilodaltoni 89 kinachobaki PARP-1 ikikatwa baada ya asidi ya aspatiki namba 214. Zipo pia kingamwili zinazoona PARP-1 yote, 116 na 89 kwa pamoja. Binafsi nazipenda hizo kwa bloti, kwa kuwa safu moja inakuonyesha kilichokatwa na kisichokatwa, na uwiano hausumbuliwi na makosa ya kupakia.

*Inafaa kwa mbinu zipi.* Bloti hasa. Kipande ni kikubwa, hakipiti kwenye utando, na hata mtu anayeanza hupata picha safi. Saitometria inawezekana pia. Angalia spishi: baadhi ya kingamwili za kipande hiki huona cha binadamu tu, na sampuli za panya zikikaa kimya utadhani dawa haikufanya kazi.

*Inapoweza kupotosha.* Inaonyesha kwamba mkasi umepita, haisemi ulikuwa mkasi wa nani. Kaspesi-7 huikata PARP-1 pia, ndiyo maana MCF-7, zisizo na kaspesi-3 hata chembe, bado hutoa bendi ya 89. Katika kifo cha aina ya nekrosisi, ambapo seli hupasuka bila mpango wa apoptosisi, vimeng'enya vya lisosomu (vifuko vya umeng'enyaji ndani ya seli) huikata PARP-1 mahali pengine na kutoa kipande cha karibu kilodaltoni 50. Kwa hiyo soma ukubwa wa bendi kwa makini.

*Inamfaa nani.* Anayetaka uthibitisho kwamba kaspesi za utekelezaji, kama ya 3 na ya 7, zimefanya kazi yake, bila kujali ni ipi, na anayeanza kujifunza bloti.

Chaguo la ndani: imetengenezwaje?

Ukishajua unataka kuona nini, utakuta kingamwili ya lengo hilohilo inauzwa kwa aina tatu.

Polikloni hutoka kwenye damu ya mnyama, mara nyingi sungura, na ni mchanganyiko wa kingamwili nyingi zinazoshika sehemu mbalimbali. Mchanganyiko huo huipa nguvu, maana formalini ikiharibu epitopu moja nyingine husaidia. Lakini mnyama ana mwisho. Bechi inayofuata itatoka kwa sungura mwingine, na sungura mwingine ana kinga yake. Mradi wa miaka mitatu ukitegemea polikloni, nunua bechi moja ya kutosha au uwe tayari kupima upya kila kichupa kipya.

Monokloni za hibridoma, seli zilizounganishwa ili zizalishe kingamwili bila kukoma, zinatokana na mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975: seli moja inayozalisha kingamwili moja. Uthabiti wake ni mkubwa zaidi, ingawa haukamiliki kama wengi wanavyodhani. Uchunguzi wa hibridoma 185 uliotolewa mwaka 2018 ulikuta karibu theluthi moja zikizalisha minyororo ya ziada isiyotarajiwa. Nyingi hutoka kwa panya, na hilo ni tatizo kwa anayepima tishu za panya, kwa kuwa kingamwili ya pili itashika pia kingamwili za panya mwenyewe zilizomo ndani ya tishu. Hapo chagua ya sungura.

Rikombinanti hutengenezwa kutokana na mfuatano wa jeni unaojulikana, ndani ya seli za kuoteshwa. Kichupa cha leo na cha miaka kumi ijayo hutoka kwenye mfuatano uleule. Kwa kawaida ni ghali zaidi. Kwa kazi itakayorudiwa na wengine, au itakayoendelea baada ya wewe kuhitimu, naona gharama hiyo inastahili.

Aina yoyote utakayochukua, igawe kwenye vichupa vidogo usije ukaigandisha na kuiyeyusha kila wiki, isipokuwa ile iliyowekewa gliserini, ambayo hukaa kwenye baridi ya -20 bila kuganda. Na usitie azidi ya sodiamu kwenye maji ya kingamwili ya pili yenye peroksidesi, kwani huiua peroksidesi hiyo na utabaki na utando mweupe.

Kulingana na hali yako

Una pesa ya kichupa kimoja na swali ni "je, dawa hii inawasha apoptosisi?" Ikiwa una bloti tu na sampuli za binadamu, kingamwili ya PARP-1 inayoona bendi zote mbili itakuhudumia vizuri. Ikiwa utahitaji pia tishu au darubini, chukua ya kaspesi-3 iliyokatwa.

Una pesa ya vichupa viwili: chukua ya kaspesi-3 nzima na ya iliyokatwa. Pitisha ya iliyokatwa kwanza kwenye utando, kwa kuwa ishara yake ni dhaifu, kisha ya nzima. Mwanafunzi wetu alifanya hivyo, safari hii akikusanya na seli zilizoelea. Bendi ya 35 ilikuwa karibu ileile kama mwanzo. Chini yake, kwenye safu zenye dawa peke yake, zilikuwepo 19 na 17.

Unapima tishu za panya: rikombinanti au polikloni ya sungura dhidi ya kaspesi-3 iliyokatwa, pamoja na kipande cha tishu kisichopewa kingamwili ya kwanza.

Seli zako ni MCF-7 au umeizima jeni ya kaspesi-3: kingamwili za kaspesi-3 zitakuwa kontroli yako hasi tu. Kwa kifo chenyewe tumia PARP-1, na ya kaspesi-7 iliyokatwa ukitaka kujua nani alishika mkasi.

Unataka kuonyesha kwamba kiasi cha kaspesi-3 kimepanda au kushuka kutokana na ugonjwa au tiba: ya nzima, na lazima ithibitishwe kwa seli zisizo na jeni hiyo.

Na ikiwa seli zinakufa mbele ya macho yako huku kaspesi-3 iliyokatwa na PARP-1 ya 89 zote zikiwa kimya, na kontroli chanya imewaka kwenye utando uleule, acha kununua kingamwili za kaspesi-3 nyingine. Zipo njia nyingine za kifo cha seli. Angalia kama protini MLKL imetiwa fosfeti, hiyo ni nekroptosisi. Angalia kama protini gasdermini D imekatwa, hiyo ni piroptosisi. Au zipe seli kizuizi cha feroptosisi, njia nyingine ya kifo, uone kama zitapona.